Orutu Nyuma ya Mashine ya Unga

Watu wengi wa Kaloleni, mtaa wetu wa Kisumu, walimjua kwa rangi. Tangu asubuhi mpaka jioni alikuwa mweupe: nyusi, kope, kitambaa cha kichwani, na ile mistari ya shingoni ambapo jasho lilikutana na unga likakauka. Tulimwita Mama wa Mashine. Jina alikuwa nalo, na kanisani lilisomwa kila aliposimama kutoa ripoti ya akina mama, lakini hata mchungaji akikutana naye njiani alimwita Mama wa Mashine kama sisi wengine.

Nilikaa naye jirani miaka mingi, ukuta kwa ukuta, katika zile nyumba kuukuu za baraza la mji. Wakati huo nilikuwa nikipelekea kituo kimoja cha redio habari za mji, kazi inayomzoesha mtu kuangalia mikono ya watu kabla ya kuwauliza maswali. Ninayoandika hapa ni yale niliyoyaona, na machache aliyoniambia siku alizokuwa amechoka kiasi cha kusahau kunyamaza.

Ukimsalimu asubuhi alijibu, "Niko." Ukimsalimu jioni alijibu, "Bado niko." Sikuwahi kumsikia akisema yu mzima, wala akisema yu mgonjwa.

Mashine yake ya kusaga ilikuwa kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara ya vumbi, hatua chache kutoka mlangoni kwetu. Watu walileta mahindi, mtama, wimbi la uji, na mihogo iliyokaushwa. Kila mmoja alitaka mchanganyiko wake na kila mmoja alikuwa na haraka. Kabla ya kufungua alikuwa tayari amewapikia chai wajukuu wawili aliokuwa akiwalea, watoto wa binti yake aliyefanya kazi Maseno. Akifunga, alikwenda kutafuta omena, wale dagaa wa ziwani, au mboga. Jumatano mchana ilikuwa ya mkutano wa akina mama. Jumamosi, kama ilivyo kwetu sote huku, ilikuwa ya matanga: kama hakuzika wa ukoo wake alikwenda kumsaidia mwingine kuzika, na huko alipewa sufuria kubwa na mwiko kabla hajaketi. Jumapili ilikuwa ya kanisa, na baada ya kanisa wagonjwa walikuwa wakingoja kutembelewa.

Katika siku za namna hiyo ndimo alimotafuta nafasi ya kujifunza orutu, zeze la kwetu la uzi mmoja.

Nililigundua jambo hilo kwa miguu, si kwa masikio. Nilikuwa nimepeleka mahindi na mihogo, nikayaacha kwenye foleni, na baada ya muda nikazunguka nyuma ya kibanda kumuuliza kama zamu yangu imefika. Mashine ilikuwa ikinguruma hata mabati yakitetemeka. Alikuwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa, mgongo ukutani, na orutu mapajani: kile kigogo kidogo kilichochongwa na kuwambwa ngozi ya kenge, fimbo yake, na uzi wake mmoja. Mkono wa kulia ulikuwa ukivuta upinde, vidole vya kushoto vikipanda na kushuka kwenye uzi. Macho alikuwa ameyafumba. Na mimi niliyesimama karibu naye kiasi cha kumgusa sikusikia hata sauti moja. Mashine iliimeza yote.

Kisha ngurumo ikabadilika, ikapanda juu kidogo, kama inavyopanda nafaka inapokwisha ndani na mawe yanabaki kusaga hewa. Alifumbua macho. Orutu ikaingia kwenye gunia tupu la wimbi, upinde ukafuata, na yeye akawa amekwisha simama, akipigapiga ule mfuko mrefu wa kitambaa wa mashine ili unga uliobaki uanguke. Ndipo akaniona.

"Mahindi yako iko na maji, nyathina," aliniambia. "Siku ingine anika vizuri."

Nyathina ni mwanangu, kwa lugha ya kwetu. Ndivyo alivyoniita siku zote. Juu ya orutu sikumuuliza siku hiyo.

Baadaye nilijua mpango wake wote. Alifanya mazoezi wakati nafaka ya mteja ikishuka, basi. Alimimina, akafungua kile kipande cha bati kinachopitisha nafaka, akahakikisha unga unatoka laini, kisha akarudi nyuma kwenye debe lake. Gunia zima lilimpa nafasi nzuri. Debe lilimpa nafasi ya kuridhisha. Gorogoro moja, yaani lile kopo la kupimia la sokoni, lilimpa nafasi ya kuweka vidole mahali pake na kuvuta upinde mara chache, na mlio wa mashine ukabadilika. Miaka ilivyozidi kwenda, watu waliacha kuleta magunia, wakaacha kuleta madebe. Walileta gorogoro moja, wengine nusu, ya kula jioni ile ile. Sisi tuliona ni maisha yamepanda. Kwake lilikuwa hilo, na lilikuwa pia kwamba kila mwaka vipande vyake vya wimbo vilizidi kuwa vidogo.

Nilipopata ujasiri wa kumuuliza, nilikwenda nikiwa na habari yangu tayari kichwani. Orutu kwetu ni chombo cha wanaume; mwanamke anaipiga kwa kujificha nyuma ya mashine; hapo nilikuwa na kipindi kizima. Nilimuuliza kama anaogopa wanaume watasema nini. Aliniacha nimalize, kisha akacheka mpaka akakohoa unga.

"Wanaume wanisikie, halafu wafanye nini? Wawache kusaga?" Alijifuta macho kwa ncha ya leso. "Sikia, nyathina. Watu wakijua uko na nafasi ya kupiga orutu, wanakutafutia kazi."

Akanieleza habari ya jirani mmoja aliyekuwa akikaa mlangoni jioni akifuma vitambaa vya viti. Watu walimwona amekaa. Mwezi haukuisha, akawa msimamizi wa jiko katika kila matanga, mtunza ufunguo wa ukumbi wa kanisa, na mlezi wa mtoto wa mtu aliyesafiri. Vitambaa havikuisha mpaka leo. Mama wa Mashine aliisimulia habari hiyo bila kicheko, kama mtu anayesimulia ajali ya barabarani.

Wiki hizo redio yetu ilikuwa imemleta mtaalamu wa mambo ya kupanga muda, naye akasema kila mtu anaweza kutenga nusu saa kwa siku kwa ajili ya kile anachokipenda. Nilimpelekea Mama ushauri huo kama mtu anayepeleka dawa. Alikuwa akichekecha mtama. Aliufikiria kwa uzito, na alipojibu hakuwa na kejeli.

"Hiyo nusu saa nachukua kwa nani?"

Niliwahesabu kichwani. Wajukuu, mashine, wafiwa, wagonjwa. Sikupata wa kumtaja, na sikumletea tena ushauri wa redio.

Kulikuwa na jambo moja lililomwonea kuliko yote, nalo ni umeme. Stima ilipopotea, kama inavyopotea mara kwa mara, foleni ilivunjika. Watu waliacha makopo yao yakiwa yamepangwa mlangoni, wakaenda zao. Hapo alikuwa na muda mwingi, wakati mwingine alasiri nzima. Lakini mashine ilikuwa kimya, na katika kimya kile orutu ingesikika mpaka kwa muuza makaa. Kwa hiyo aliketi mbele ya kibanda, mikono mapajani, akiangalia barabara. Wapita njia walimpa pole na kusema afadhali leo Mama amepumzika. Mimi niliyejua kilichokuwa ndani ya gunia la wimbi niliona vidole vyake vya kushoto vikitembea taratibu juu ya goti, chini ya leso. Stima iliporudi, mashine ilipiga kelele na watu wote wakarudi kwa pamoja.

Kujifunza kwa namna ile kulimfundisha makosa ambayo sidhani yapo kwingine. Sauti pekee aliyokuwa nayo ya kulinganisha ni ya mashine, kwa hiyo alikaza uzi mpaka ulipokubaliana na ngurumo, na akabonyeza upinde kwa nguvu mpaka mtetemo ukamfikia kifuani. Ndivyo alivyojua kwamba orutu inalia. Zamani mashine ilikuwa ya dizeli. Alipoibadilisha ikawa ya umeme, mlio wake ulipanda, na yeye akalazimika kuanza upya. Miezi kadhaa alitembea kama mtu aliyehamishwa nyumba.

Siku moja wajukuu walikuwa wamekwenda kwa mama yao na majirani wote walikuwa mazishini. Alifunga milango na madirisha, akaipiga orutu chumbani kwa mara ya kwanza. Alishtuka. Kilichotoka, alisema, kilikuwa kama paka amebanwa na mlango. Aliamini kabisa kwamba imeharibika. Aliifunga ndani ya leso, akaipeleka kwa fundi mmoja karibu na soko, mzee anayetengeneza vyombo vya namna hiyo na kuviuza kwa vijana wa bendi. Fundi aliigeuza, akavuta upinde mara mbili, akamrudishia.

"Hii haina shida, Mama. Wewe unapigia wapi?"

Akasema anapigia nyumbani.

"Nyumbani kwako kuna jenereta?"

Aliipenda habari hiyo. Ndiyo pekee aliyonisimulia zaidi ya mara moja, na kila mara alimwiga fundi kwa ile sauti ya puani. Fundi alimlegezea uzi, akamwambia avute upinde kama anayempaka mtoto mafuta. Alirudi kwenye mashine, akajaribu hivyo, hakusikia kitu wala kuhisi kitu. Kabla ya jioni aliukaza uzi tena.

Orutu yenyewe aliipata wapi, sijui mpaka leo, ingawa kuuliza ndiyo kazi yangu. Aliwahi kuniambia iliachwa na mteja aliyeleta mtama na hakurudi kuuchukua. Mara nyingine ilikuwa ya mjomba wake. Mara ya tatu aliinunua Port Victoria, alikokwenda kununua omena kwa bei ya chini. Nilipomwonyesha kwamba majibu yote matatu hayawezi kuwa kweli, alisema basi nichague moja.

Hakuwa mtu wa kunyooka katika mambo yote. Kwaya ya kanisa alikuwa akiifokea kwa kukosa mazoezi, akisema sauti haiji yenyewe kama mvua, na yeye mwenyewe hakukanyaga mazoezini. Vijana waliotembea na vidude vya kusikilizia muziki masikioni aliwaita mizigo. Nilimsikia akimwambia mwanamke mmoja kibandani kwamba mwenye nafasi ya muziki ni yule anayepikiwa na mtu mwingine. Alipomaliza kusema hivyo, alimimina mahindi ya mwanamke huyo kwenye mashine, akazunguka nyuma.

Alichokuwa akikitafuta alikisema mara moja tu. Ilikuwa jioni, stima imepotea, tumekaa mbele ya kibanda. Aliniambia kwamba miaka ya nyuma alikwenda matangani huko Port Victoria, na mzee mmoja mwenye orutu alikaa chini ya turubai akapiga wimbo wa kumuaga marehemu. Mzee yule alipiga tangu watu walipoanza kugawiwa chakula mpaka sahani zikaoshwa. Alisema kulikuwa na mahali katika wimbo ule ambapo alisahau kwamba ana sahani mkononi. Hakuwahi kusahau kitu kama hicho tena. Wimbo aliubeba kichwani mpaka Kisumu, na huo ndio aliokuwa akiupiga miaka yote, kipande kwa kipande.

"Nataka nipige yote," alisema. "Mara moja tu. Kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila mtu kuniita."

Kisha akanyoosha mkono wa kushoto gizani, akaukunja, akaunyoosha tena. Viungo vya vidole vilikuwa vimeanza kuvimba. Asubuhi vilikataa kabisa kukunjika mpaka avitie kwenye maji ya moto. Daktari alimwambia ni umri na kazi, akampa vidonge, akamwambia apumzishe mikono. Alinisimulia ushauri huo kwa sauti ile ile aliyotumia kusimulia bei ya stima. Nilielewa kwamba alikuwa akihesabu, na kwamba vidole vilikuwa vikienda kasi kuliko nafasi.

Aliwahi kujaribu kuutafuta muda kwa nguvu. Alitangaza kwamba atafunga mashine wiki moja akapumzike Maseno kwa binti yake, na alikwenda na begi kubwa kuliko nguo zake. Binti alikuwa na nyumba yenye chumba cha wageni, mbali na barabara. Kumbe binti naye alikuwa amechoka. Alimpokea mama yake kama mtu aliyekuwa akingoja kupokezana zamu: kulikuwa na mtoto mchanga, kulikuwa na mama mkwe aliyetoka hospitali, na msaidizi wa nyumbani alikuwa ameondoka siku mbili kabla. Mama wa Mashine alirudi Kaloleni wiki ilipokwisha, uso umemshuka. Nilimsaidia kushusha begi. Orutu ilikuwa bado imefungwa katika leso, fundo lile lile.

"Ulipumzika, Mama?" nikamuuliza.

"Binti yangu alilala," alisema. "Hiyo nayo ni kitu."

Miaka michache baadaye aliiuza mashine. Wajukuu walikuwa wamekua, watu walikuwa wakinunua unga wa pakiti dukani, na mkono wa kushoto ulishindwa kuinua debe. Alihamia nyumbani kwa mumewe aliyekwisha kufariki, upande wa Busia, karibu na Port Victoria, mahali penye vilima na ziwa kwa chini. Tuliagana mlangoni kwa haraka, gari la mizigo likinguruma. Mwaka ule nami nilihama Kaloleni.

Nilimwona tena mwaka uliopita. Nilikuwa nimetumwa Port Victoria kuandika juu ya wachuuzi wa samaki, nikamaliza kazi mapema, nikamuulizia. Kila mtu alimjua, ila huku alikuwa na jina jingine: nyanya wa kule juu. Nilimkuta uani, ameanika omena juu ya wavu. Mara ya kwanza kumwona bila hata chembe ya unga kwenye kope. Alikuwa mweusi tii, mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

"Bado niko," alisema kabla sijamsalimu.

Alinikaribisha ndani, akachemsha chai ya maziwa, akanimiminia mpaka kikombe kikajaa. Tulizungumza juu ya waliokufa Kaloleni na waliohama. Nyumba ilikuwa kimya. Jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya shamba la mihogo. Nilimwuliza kama bado anapiga. Alinitazama, kisha akatazama mlango, kama mtu anayekagua foleni. Akaingia chumbani, akatoka na orutu.

Alisema tangu ahamie alikuwa bado anangoja. Kwanza kulikuwa na paa la kutengeneza, halafu palizi, halafu arobaini ya shemeji. Halafu kukawa hakuna kitu, na hapo akaogopa. Aliukunja ule mkono wa kushoto mara kadhaa. Vidole viwili vilikuwa vimepinda, havikurudi. Uzi alikuwa ameulegeza. Aliniambia imebidi, maana huku ukiukaza mbwa wote wanaitika.

Kisha akapiga.

Sijui kuandika muziki. Niliyoyaona ni haya. Alianza kwa nguvu mno, akajizuia. Mahali pawili vidole vilikataa, akapita hapo akikosea bila kusimama, na nilimwona akishangaa kwamba hakusimama. Katikati kulikuwa na mahali sauti iliposhuka ikakaa chini kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika, nikajua hapo ndipo penye sahani. Halafu wimbo ukapanda, ukazunguka, ukarudi pale ulipoanzia. Upinde ukafika mwisho wake. Aliuinua ili aendelee, akabaki ameuinua hivyo, kwa sababu hakukuwa na kitu kilichofuata.

Nilishika kikombe changu. Chai ilikuwa bado ya moto, ya kuunguza ulimi.

Aliigeuza orutu akaitazama kwa nyuma, kana kwamba kipande kingine cha wimbo kimenasa huko.

"Imeisha?" aliniuliza.

Nikamwambia naona imeisha.

"Ile tu?"

Vidole vya kushoto vilitembea tena juu ya uzi bila upinde, haraka, vikitafuta. Vilifika mahali pale pale, vikasimama. Nilimwona akilielewa jambo polepole.

"Kumbe yule mzee alikuwa anarudia," alisema. "Anamaliza, anaanza tena, anamaliza, anaanza tena. Mpaka sahani zioshwe." Alitikisa kichwa. "Na mimi nilikuwa natafuta siku nzima."

Nilitaka kusema jambo la kumfariji. Nilitaka kumwambia kwamba huenda aliumaliza mara nyingi nyuma ya mashine, juu ya debe, bila kujua, kwa kuwa alianzia katikati. Niliona kwamba amekwisha lifikiria hilo, na kwamba halikuwa la kumfariji. Basi nikapuliza chai.

Aliingia chumbani akailaza orutu kitandani, akaifunika leso. Nje upande wa ziwa mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na alitoka kwenda kuanua omena.